Masuke Juu ya Mafiga

Juzi hapa Arua tulialikwa mkutano wa walimu wastaafu, na mchana tukapakuliwa ugali wa mtama katika vyungu vidogo vyenye mapambo. Binti mmoja akashika kipaza sauti akatuambia turudi kwenye vyakula vya bibi zetu, eti tuachane na mbegu za maabara. Wenzangu wakapiga makofi. Walewale! Walewale waliokuwa wakimcheka mtoto akija shuleni na kiporo cha mtama. Mimi sikupiga. Niliinama nikajifanya natafuta miwani, maana hasira yangu haikuwa kwa yule binti.

Kwetu ni Abuku, Koboko. Baba alikuwa askari, kwa hiyo tulilelewa kwa Kiswahili cha kambini, na mama alikisema hivyo hivyo mpaka mwisho. Jikoni kwake, juu ya mafiga, yalining'inia masuke ya mtama mwekundu, meusi tititi kwa masizi. Kila mavuno aliyachagua mwenyewe, suke kwa suke, akayafunga na kuyatundika, maana moshi hufukuza fukusi. Hakuna aliyeyagusa. Mwaka mmoja wa njaa tuliishi kwa uji mwepesi na majani, chakula kile kikining'inia juu ya vichwa vyetu. Nililia nikikionyesha kwa kidole.

"Ile hapana chakula," mama akaniambia. "Ile iko mbegu."

Nikasoma, nikawa mwalimu huko Ediofe, hapa Arua, na nikaanza kuona haya. Siku moja nilipeleka walimu wenzangu kumsalimia mama, nikambebea na pakiti ya mbegu ya kisasa: mtama mfupi, mweupe, wa kukomaa haraka. Nilitazama dari la jikoni nikaogopa masizi yasije yakadondokea mchuzi mbele ya wageni.

"Mama, shusha huo uchafu," nikasema. "Twanga, upike tule. Mbegu mpya hii hapa, ya wataalamu."

Akaigeuza pakiti mikononi, akanitazama. Yeye hakujua kusoma. "Hii karatasi, wewe nasoma yote?"

"Nimesoma, mama."

Uongo mtupu. Nilikuwa nimeangalia picha.

Akayashusha, akatwanga, akasaga. Akasonga ugali pamoja na unga wa muhogo, akapika majani ya kunde kwa magadi ya majivu na simsim, yaani ufuta. Wageni walilamba vidole, wakaniambia mama yangu ni mpishi hasa. Mama hakula. Alisema ameshiba, na mimi nikaamini, au nilijifanya kuamini.

Msimu wa kwanza ghala lilijaa, nami nikatamba kijiji kizima. Mama akachagua masuke mazuri ya ule mtama mweupe, akayatundika juu ya moshi kama alivyozoea. Msimu uliofuata mimea mingine iliishia kiunoni, mingine ikarefuka bila punje. Kidogo kilichozaa kilimalizwa na ndege. Mtama wetu mwekundu ulikuwa mchungu kidogo, ndege waliususa. Huu ulikuwa karamu yao. Ndipo nilipoitafuta ile pakiti na kuisoma. Ilisema wazi kwamba mbegu hiyo hairudiwi, kila msimu uchukue mpya. Mwalimu mzima! Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini mimi sikuacha wangu. Niliutupa wa mama.

 

Mwaka jana alidhoofika, nikamleta kwangu Ediofe. Wali alisukuma, chapati alisukuma, hata uji wa unga wa pakiti ulio na vitamini zote duniani. Alitaka kitu kimoja tu: ugali wa mtama wake. Nikapanda gari mpaka Abuku, nikaingia nyumba kwa nyumba nikiutafuta. Nilimwendea mama jirani, aliyekuwa akilima mpakani na sisi.

"Mbegu hiyo?" akashangaa. "Mwanangu, mwaka yetu ikiharibika, sisi wote tulikuwa tunachukua kwa mama yako."

Nilirudi mikono mitupu. Sokoni Arua nikapata unga mwekundu, wa wapi sijui, nikausonga na muhogo, nikapika kunde na magadi ya majivu, nikampelekea kitandani. Akamega tonge dogo, akatafuna polepole, macho kafumba.

"Hii iko ya nani?"

"Ni ule wako, mama. Nimeupata nyumbani."

Akafumbua macho, akanitazama kama alivyonitazama siku ya pakiti. Safari hii hakuuliza kama ni kweli.

"Yangu wewe nakula na wageni yako," akasema. "Mimi naona."

Akalirudisha tonge kwenye sahani. Tulimzika wiki ile ile, na kwenye matanga tulipika wali.