Gari la Mfanafuthi Lilivyoacha Kukohoa

Gari la kaka yangu tulilijua kwa sauti kabla ya kuliona. Alhamisi ile kina mama wa kanisa walikuwa kwenye maombi sebuleni kwetu, hapa Katlehong, tukalisikia likija mtaani likikohoa. Mama akatabasamu huku macho kayafumba.

"Mfanafuthi huyo. Amenusa chai."

Aliyeshuka ni Dikeledi, mwenzake wa mchezo wa kuzungusha magari, ambaye alikuwa ameachiwa gari alitengeneze. Aliingia, akapiga magoti mbele ya Mama.

"Mama, ameanguka kazini. Ni moyo. Hawakuwahi kumfikisha hospitali."

Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Mimi nilibaki nimeshika birika.

Nayaandika haya kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika. Mnamkumbuka akiwa mtoto. Mjue alivyokuwa mtu mzima. Siku za kazi aliendesha foklifti kwenye ghala la saruji, akirudi mweupe kama mwokaji mikate. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. BMW yake nyekundu aliizungusha uwanjani mpaka moshi wa matairi ukawameza watazamaji, kisha akatoka dirishani, gari likiendelea kuzunguka lenyewe, akatembea kando yake kama mtu anayemtembeza mbwa. Watu walipiga kelele hadi sauti zikawakauka.

Mama hakuupenda mchezo huo. Sisi ni Wazayoni, waumini wa kanisa la manabii na maji ya maombi. Tunaabudu kwa ngoma, tukikimbia duara na majoho yetu ya kijani. Mfanafuthi alikuwa akimchokoza.

"Mama, wewe Roho akikushukia unazunguka. Na mimi nazunguka. Tofauti yetu ni petroli tu."

"Nyamaza, mpagani mkubwa wewe! Ile kamba ya kinga iliyobarikiwa na nabii iko wapi?"

"Ipo, Mama. Inafanya kazi."

Mama aliguna. Kamba ile ya sufu aliisuka mwenyewe, na hakuwahi kuiona mkononi mwa mwanawe.

Shida ya gari ilianza alipofunga bomba jipya la hewa, pana, lenye chujio la wazi, ili injini iungurume vizuri. Iliunguruma kweli, lakini taa ya injini ikawaka. Mashine ya kusoma hitilafu ikasema pande zote mbili za injini zinapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Gari likawa linatetemeka na kuzima katikati ya mzunguko. Kaka aliisafisha sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia, akabadilisha plagi, akafuta hitilafu kwenye mashine. Kila mara taa ilirudi.

Kwetu mchezaji akifa husindikizwa na gari lake. Baada ya kaburi kufukiwa, gari huzungushwa, ndipo watu wanarudi nyumbani. Wenzake wakamwambia Mama watatafuta lingine.

"Mwanangu hatasindikizwa na gari la kuazima," Mama akajibu. Yeye, aliyeuchukia mchezo! "Ama lake, ama tuimbe tu."

Basi Ijumaa, siku ya kumleta Mfanafuthi nyumbani kwa mkesha, Dikeledi alikuwa kichwa ndani ya boneti tangu asubuhi, injini ikiwaka na kukohoa.

"Kuna mahali linavuta hewa ya wizi," akaniambia. "Hewa inayopita bila sensa kuihesabu. Mafuta yanakuja ya hewa iliyohesabiwa tu. Nimepapasa kote, sipaoni."

Mama akatoka na chupa ya maji ya maombi. "Sogea, binti. Umejaribu spana zako zote. Hukumjaribu Mungu."

"Mama, kuna umeme humo!"

"Na mimi nanyunyiza, simwagi."

Akanyunyiza huku akiomba kwa sauti. Matone yakaangukia bomba jipya, na ghafla injini ikatulia. Ikapumua sawasawa kwa kitambo, kisha ikaanza tena kukohoa. Dikeledi akaruka.

"Mama! Rudia! Hapo hapo!"

"Nikuombee wewe au gari?"

"Gari, Mama, gari! Hapo kwenye klipu!"

Akarudia, injini ikatulia tena. Dikeledi akaizima, akalegeza klipu inayolibana bomba nyuma ya sensa. Chini yake, imezungushwa vizuri kabisa, ilikuwepo kamba ya sufu, ya kijani na nyeupe. Kwa unene wake bomba halikukaa sawa, na hewa ilipenya pembeni.

"Yesu wangu," Mama akasema. "Alinidanganya kila kitu, ila hili alinena kweli. Ilikuwa inafanya kazi."

"Ilikuwa inatuua, Mama," Dikeledi akasema, na wote watatu tukacheka mpaka tukalia.

Akaitoa kamba, akampa Mama, akalipangusa bomba, akakaza klipu, akafuta hitilafu, akaondoka na gari kulijaribu. Tulimsubiri getini. Tulisikia mngurumo mzito, safi, kabla ya kuliona likikata kona. Taa haikuwaka! Mama alikimbia duara barabarani, bila ngoma. Dikeledi anasema maji yaliziba ufa kwa muda. Sibishani naye. Namshukuru Mungu aliyeyaelekeza matone.

Jumamosi asubuhi, kabla jeneza halijafunikwa, Mama alimfunga Mfanafuthi kamba mkononi. Mchungaji aliomba. Wanaume walipokezana sepetu mpaka udongo ukaisha. Nje ya makaburi, kwenye kiwanja, Dikeledi alilizungusha gari jekundu, halikuzima, na kina mama wa kijani walikimbia duara upande wao wakiimba. Kisha tukarudi nyumbani, tukanawa mikono kwenye beseni la getini, tukaingia kula.