Jina Lililokosekana Kwenye Mifuniko

Wifi yangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Akisema neno, limesemwa. Ukilipenda ulichukue, usipolipenda ulichukue hivyo hivyo. Alikuwa fundi wa kushona maturubai ya malori, kazi inayotaka vidole vya chuma, na chumba chake cha mbele kilinuka nta na kamba mpya mwaka mzima. Mumewe alishafariki, watoto hawakujaliwa, kwa hiyo alikaa peke yake na cherehani yake nzito. Kanisani walimwita Mama Ndoo. Jina hilo nililianzisha mimi, nakiri, na sikulianzisha kwa heshima.

Ndoo zilianza baada ya mafuriko ya kwanza. Mfereji mkubwa ulipofurika, sisi waumini tulikimbilia kanisani, tukapanda kwenye roshani ya kwaya, tukaimba na kuomba mpaka maji yakapungua. Tulitoka tukimshukuru Mungu kwamba hakupotea hata mmoja wetu. Kesho yake tukasikia kwamba mama muuza mkaa, aliyekaa mlango wa tatu kutoka kanisani, mguu wake ukiwa kwenye plasta, amekutwa ndani kwake amekufa maji. Kila mtu alimjua. Kila mtu alidhani mwenzake amekwenda kumtoa.

Mazishini wifi hakulia. Alisimama ameuma meno, na wakati wa kurudi akaniambia, "Wifi, tuliimba beti sita. Nilihesabu. Kwa beti mbili tu tungekuwa tumeshamfikia."

Jumapili iliyofuata alisimama wakati wa matangazo bila kuitwa. Alitaka kila nyumba iandae ndoo moja yenye mfuniko. Ndani viwekwe maji ya chupa, biskuti, tochi, kamba, blanketi jembamba, dawa ya vidonda na filimbi. Na juu ya mfuniko liandikwe jina, lakini si lako. Liwe la jirani: mgonjwa, mzee, mama mwenye kichanga, yeyote anayeishi peke yake, na kama si wa kanisa letu, vizuri zaidi. Ndoo inakaa kwako mlangoni. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi unaibeba mpaka kwake, unabisha hodi, mnabadilisha kilichochakaa, unajua dawa zake ziko wapi na mlango wake wa nyuma unafunguka vipi. Siku ya shari ikifika, unabeba ndoo na kwenda kwa yule uliyemwandika. Huendi kwingine.

Mzee mmoja wa kanisa alikohoa. "Mama, huku si kukosa imani? Kwani Mungu hatatulinda?"

"Mzee wangu, ningekosa imani ningejiwekea yangu na kufunga mlango," akajibu. "Hii si yangu. Mungu akitaka kumlinda yule jirani atatafuta mtu wa kumtuma, na mimi sitaki anikute bado natafuta viatu."

Watu wakacheka, mchungaji naye akacheka, lakini jioni ile ile mchungaji alikuja kwa wifi kumwonyesha ndoo ya kwanza.

Orodha niliiandika mimi, kwa kuwa nilikuwa karani wa shule ya pale juu mlimani na nilikuwa na mashine ya kuchapa. Wifi alisimama katikati ya chumba chake akinitajia, nami nikigonga. Upande huu jina la mbebaji, upande ule jina la anayebebewa. Alikuwa anaitembelea mitaa yote kichwani, mlango kwa mlango. "Anayeishi peke yake yeyote asiachwe," alisema mara tatu. Tukapata watu thelathini na wawili. Nikasoma upya, nikasema iko sawa.

Seremala mstaafu alibaki bila mtu. Hakuna aliyemtaka, na sisemi kwamba tulikosa sababu. Masikio yake yalikuwa yamekufa kwa kelele za msumeno wa umeme, hasira zake zilikuwa hai kabisa, na aliwahi kuwamwagia wainjilisti wetu debe zima la maranda. Tena alikaa safu ya chini, ukutani kwa mfereji.

"Mwandike kwangu," wifi akasema.

Jumamosi ya kwanza alifungiwa mlango usoni. Ya pili, seremala alifungua, akasoma jina lake kwenye mfuniko, akapaza sauti mpaka mtaa wa pili ukasikia: "SITAKI NDOO YA KANISA!" Wifi akachukua penseli, akaandika kwenye kipande cha ubao, "Sijaleta kanisa. Nimeleta ndoo." Mzee akasoma, akakunja uso, akamwachia njia. Niliposikia kwamba hata filimbi aliiweka, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

"Wifi, jamani! Kiziwi unampelekea filimbi?"

"Si ya yeye kusikia. Ni ya yeye kusikiwa." Akaendelea kukaza skrubu ya cherehani yake kana kwamba sikuwepo.

Miaka miwili ikapita mfereji umetulia. Ndoo nyingine zikageuka za kufulia, biskuti zikaliwa na wenye ndoo. Mimi mwenyewe mwezi mmoja nilimtumia jirani yangu salamu badala ya kwenda. Wifi alijua, sijui vipi. Alikuja kwangu akichechemea, maana nyonga yake moja ilikuwa mbovu, akaisogeza ndoo kwa mguu mpaka kwenye vidole vyangu. "Salamu haielei," akasema. Nilikwenda, nimenuna, lakini nilikwenda.

Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana, siku ya tatu ya mvua isiyokata. Ukuta wa mfereji ulipasuka. Mume wangu, kaka yake wifi, alikuwa safarini na lori lake, kama kawaida. Nilibeba ndoo yangu moja kwa moja kwa jirani yangu, mama wa mapacha wa wiki mbili, na kwa mara ya kwanza nikaelewa zile Jumamosi zote zilikuwa za nini. Sikuuliza kitu. Nilijua nepi ziko rafu gani, nilijua komeo la mlango wa nyuma linavutwa juu kwanza. Baada ya dakika chache tu tulikuwa njiani kuelekea shuleni kule mlimani, tulikopanga kukutana, mtoto mmoja kwake, mmoja kwangu.

Shuleni nilisimama mlangoni na orodha. Wakaingia wawili wawili, wamelowa chapachapa: mchungaji na mgonjwa wake wa pumu, mwokaji mikate amembeba bibi mgongoni, yule mzee aliyekohoa anamshika mkono fundi saa asiyeona. Nikatia alama, nikatia alama. Thelathini na moja. Mstari mmoja ulibaki mweupe: seremala, mbebaji Mama Ndoo.

"Nani yuko kwa Mama Ndoo?" nikauliza.

Watu wakatazamana.

"Nani ameandikiwa yeye? Si anaishi peke yake?"

Nikapitisha kidole upande wa wanaobebewa, juu mpaka chini. Hakuwepo. Alitaja wote wanaoishi peke yao akiwa amesimama katikati ya nyumba yake tupu, akajisahau, na mimi niliyekuwa nimekaa mbele yake nikasema iko sawa. Kila mtu alidhani mwenzake anaye. Nilimwona mama muuza mkaa mbele ya macho yangu.

"Nakwenda kumfuata," nikamwambia mchungaji. "Ukitaka njoo, usipotaka nipe kamba."

Alikuja, na kamba.

Safu ya chini maji yalinifika kifuani. Mlango wa seremala ulikuwa wazi, ndani viti vinaelea, hakuna mtu. Niliita mpaka sauti ikakatika, mvua ikaimeza yote. Mchungaji alinishika bega akasema pengine turudi. Nilimwambia sirudi. Ndipo ikalia filimbi: mara tatu fupi, kimya, mara tatu fupi, kama wifi alivyotufundisha. Ilitoka uani, nyuma ya karakana.

Walikuwa juu ya rundo la mbao, chini ya paa la bati. Wifi amelala chali, uso umepauka, mguu wake umefungwa kwa vibao viwili. Seremala ameketi nyuma yake, mkono mmoja umemshika mkanda asiteleze, mashavu yamevimba kwa kupuliza. Alipotuona aliitoa filimbi mdomoni.

"INALIA?" akafoka. "Huyu anaitikia kwa kichwa kwamba inalia, lakini huyu mtu wa kanisa, atanidanganya ili nisikate tamaa!"

Niliitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma. Inalia, mzee, inalia.

Kati yao palikuwa na ndoo mbili. Moja naijua, ya wifi. Ya pili ilikuwa ya rangi, kuukuu, mfuniko wake wa mbao uliopigwa randa vizuri, na juu yake, kwa penseli ya useremala: MAMA WA NDOO. Vile vibao vya mguuni vilitoka humo, vimepigwa msasa, vimekatwa kwa kipimo cha mguu wa mtu. Wifi alikuwa amefika kumtoa, mbao zikamporomokea na kumvunja mguu, na mzee alikuwa tayari.

Seremala aliona ninavyouangalia ule mfuniko.

"Kila mwezi anakuja kukagua mlango wangu wa nyuma," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Nikajiuliza, wake anaukagua nani?"

Nililia pale pale ndani ya maji, kisha tukafunga kamba.

Wiki nane baadaye wifi aliingia kanisani kwa magongo mapya, kazi ya mikono mnayoijua. Nilisimama mbele nikaungama kosa langu, nikauliza nani atamwandika Mama Ndoo. Mikono ikainuka kanisa zima.

"Shusheni," wifi akasema. "Mmechelewa. Mimi ninaye tayari. Katafuteni wengine."

Jioni nilikwenda kwake na orodha, nikaongeza mstari wa thelathini na tatu mbele yake. Aliusoma, akaridhika, kisha akanitazama.

"Na wewe uko kwa nani?"

"Mimi? Mimi nina mume, wifi."

"Kaka yangu yuko barabarani siku ishirini kwa mwezi. Uko kwa nani?"

Nikapitisha kidole tena upande wa wanaobebewa; jina langu halikuwepo. Wifi akauweka mguu wake mbovu juu ya kigoda, akavuta mfuniko mpya mapajani, akachovya brashi kwenye rangi.

"Sogea," akasema. "Unanizibia mwanga."