Kitanda Kilichokuwa Jikoni

Nyumba ile niliikagua mara tatu, na mara zote tatu kitanda cha mwenye nyumba kilikuwa jikoni.

Nikakipita kama kipofu.

Tena mimi nina stashahada ya ujenzi. Nyufa nazijua, unyevu naunusa. Niligonga kuta zote, nikafungua mabomba, nikapanda hadi darini na sketi yangu. Nyumba nzima, haina kasoro.

Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja tu: mitambo minne ya umeme wa upepo, mlimani nyuma ya nyumba.

Kitindamimba wangu ana kifafa. Daktari alishasema dawa peke yake haitoshi, mtoto lazima alale. Alikuwa na miezi kumi na minne bila kuanguka.

Nikamuuliza mwenye nyumba, mzee mmoja mpole. Vipi kelele?

"Mwanangu, hapa utalala mpaka usahau njia ya kazini."

Tukacheka. Mapanga yalizunguka polepole, kimya kama maji mtungini. Siku za kwenda kuona alipanga yeye, hilo nalo sikulitilia maanani.

Na kitanda? Eti chumbani anapaka rangi.

Harufu ya rangi sikuisikia. Mimi, ninayenusa unyevu.

Tukainunua, tukahamia. Siku ya tisa upepo ukageuka.

Vuum. Kimya. Vuum.

Kama mtu anayekung'uta godoro dirishani, na hana mpango wa kumaliza. Tukafunga madirisha, tukaziba nyufa za mlango kwa mablanketi. Wapi.

Wiki ya tatu mwanangu akaanguka bafuni.

Mume wangu hakunilaumu. Alichukua spana, akakifungua kitanda cha mtoto, akakiunga upya jikoni, upande uliouepa mlima. Sakafuni kulikuwa na alama nne za miguu ya kitanda.

Chetu kikakaa palepale.

Tukaamua kuuza. Akaja mama mmoja na mtoto mgongoni. Siku nilimpangia mimi, siku isiyo na upepo. Akagonga kuta. Akafungua mabomba. Kisha akaniuliza habari ya kelele.

"Mdogo wangu, hapa utalala mpaka..."

Maneno ya yule mzee, kinywani mwangu.

Yaliyobaki nikayameza. Nikampeleka jikoni.

"Mwanangu analala hapa," nikamwambia. "Njoo siku ya upepo, uje na huyo mtoto, ukae mpaka asinzie. Kama atasinzia."

Alinitazama, akakitazama kitanda. Akafunga vizuri kanga ya mgongoni, akashukuru, akaondoka. Hakurudi.

Mume wangu alininunia siku mbili, na ana haki. Nyumba bado ni yetu. Upepo ukigeuka natandika sakafuni kando ya kitanda chake, nalala mkono wangu ukiwa kifuani kwa mwanangu.

Wewe unayetafuta nyumba, kuta ziache kwanza. Angalia anayekuuzia analala wapi.