Mpira wa Pamba

Siku hizi mtoto aliyepasuliwa tumbo hupewa kijidude cha plastiki chenye vipira ndani, akaambiwa avute pumzi, na aliyempa anarudi kwenye simu yake. Enzi zile wodini kulikuwa na mama wa mazoezi ya kupumua, mtu mzima mwenye viganja vipana, ambaye hakumgusa mtoto kabla ya kuvisugua vipate joto. Alifinyanga kidonge cha pamba, akakiweka mezani, akainama upande wa pili, yeye na mtoto wakakipuliza kufungana magoli. Alifungwa kila siku, na kila siku alilalamika kwa sauti yake ya kukwaruza kwamba refa kala rushwa.

Baba mmoja, ambaye sasa ana wajukuu, bado anamkumbuka. Binti yake alikuwa amekataa katakata kukohoa, akihofia mshono utafumuka, na makohozi yalikuwa yakimjaa kifuani. Daktari alishaonya kwamba asipokohoa atapata nimonia.

“Bibi, hujui kupuliza!” binti alimcheka baada ya kumfunga tena.

“Meno yenyewe yamenikimbia, pumzi itakaa na nani?”

Binti akaangua kicheko, kicheko kikageuka kikohozi, na mama yule alikuwa ameshamkumbatisha mto juu ya kidonda.

“Toa, mwanangu, toa! Nimekushikia.”

Makohozi yakatoka. Aliyachungulia kwenye beseni kama mtu aliyeletewa zawadi, akamfuta mtoto midomo, kisha akamgeukia baba aliyeganda ukutani.

“Na wewe, baba, pumua sasa.”