Darasa Lisilo na Fimbo

Binti yangu aliingia jikoni Jumatatu jioni na karatasi mkononi, na sura ya mtoto anayejua kwamba baba yake hataisoma. Yalikuwa masharti ya somo la Kihispania, ambalo shule yao hapa Eldoret imelianzisha mwaka huu. Fika mapema. Njoo na daftari lako. Simu ikae kwenye begi. Kazi ya nyumbani usifanyiwe na mashine ya kutafsiri. Chini palikuwa na mstari wa sahihi ya mzazi, na maelezo kwamba sahihi hiyo itatiwa shuleni, mbele ya mwalimu, siku ya Jumamosi.

"Dad, lazima uje. Na tafadhali usichelewe."

"Mimi pia nilisoma Kihispania," nikamwambia.

Alikuwa ameanza kukata kitunguu; akaacha. "Wewe? Wapi?"

"Hapa hapa Eldoret. Kabla hujazaliwa."

"Haya, sema kitu."

Rafiki yangu, mimi huishi kwa maneno. Nimeandika makala mengi kuhusu umuhimu wa lugha, na mengine nimeyasoma kwa sauti mbele ya watu waliolala. Nilifungua mdomo kwa majivuno, na kilichotoka ni *lo siento*. Naomba radhi. Nikangoja kingine kifuate. Hakikufuata.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, maana ndiyo njia niliyojifunza ya kuficha uso. Sikumwambia kwamba maneno hayo mawili niliyasoma kwa mkono wa kulia.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, ya wavulana, upande wa Kapseret, imezungukwa na mashamba ya watu. Asubuhi baridi ilikuwa kali hata ukipumua unaona kama unavuta sigara, na sisi tulijifanya tunavuta. Saa nne harufu ya githeri, mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana, ilianza kutoka jikoni na kuingia madarasani, na kuanzia hapo hakuna mwalimu aliyesikilizwa kwa hiari. Ndiyo maana walimu walibeba fimbo. Ya mwalimu wa hesabu ilikuwa nyembamba na ilipiga mluzi hewani. Ya mkuu wa shule ilikuwa fupi na nene, imeng'aa kwa kushikwa, na alitembea nayo kama watu wengine wanavyotembea na mwavuli.

Sheria za kuchapwa hazikuandikwa popote, lakini kila mvulana alizijua. Unanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu. Kidole gumba unakificha pembeni kisije kikavunjika. Unatazama ukuta. Hulii. Tulizoea hivi kwamba mwalimu akisimama karibu nawe kwa ghafla, mkono ulinyooka wenyewe kabla hujajua kosa lako ni lipi.

Kisha akaja mwalimu wa Kihispania. Wazazi wake walikuwa watu wa Mkoa wa Kati waliohamia Eldoret na kufungua duka la vyakula mjini. Yeye alipata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, akarudi na lugha ambayo hakuna aliyekuwa ameiulizia. Mkuu wa shule alimpa kibali kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa ya Eldoret kabisa: wakimbiaji wetu.

"Vijana wetu wanaenda kukimbia huko Uhispania na hawajui hata kuomba maji," alisema. Dirisha la ofisi yake lilikuwa limevunjika kioo, kwa hiyo mipango ya shule tuliijua kabla ya walimu. "Sawa, Madam, fundisha. Lakini hii maneno ya kufundisha bila fimbo, mimi sijawahi kuona. Watakukalia kichwani. Nakupa muhula huu mmoja. Mwisho nitakuja kukaa darasani nione mwenyewe. Nikiona ni kelele, tunafunga."

"Hutaona kelele," mwalimu alijibu.

Siku ya kwanza alibandika ukutani karatasi kubwa ya manila. Sharti la kwanza lilisema hakuna atakayepigwa ndani ya chumba hiki. Tulishangilia mpaka darasa la jirani likabisha ukuta. Halafu tukasoma la pili: atakayekosea, hata awe nani, ataomba radhi kwa kila aliyemo chumbani, mmoja mmoja, kwa kumpa mkono, akimtazama machoni. Hilo tulilidharau. Kupeana mkono ni kitu gani? Kwetu mtu akiingia nyumba yenye wageni ishirini hawapungii kwa mbali, anawashika mkono wote.

Wa kwanza kunaswa alikuwa jitu moja la darasa letu, kijana aliyekuwa tayari ananyoa ndevu. Alikuwa amemtania mwenzake aliyeshindwa kutamka neno. Mwalimu akamwambia asimame, aanzie dawati la mbele.

"*Lo siento*," alimnong'oneza wa kwanza.

"Mtazame," mwalimu akasema.

Kufikia dawati la tano shingo ilikuwa imelowa jasho. Huku nyuma tukaanza kumwita: "Mheshimiwa! Karibu kijijini kwetu!" "Barabara ya lami iko wapi, Mheshimiwa?" Akamgeukia mwalimu.

"Madam, si unichape tu?"

"Hapana. Endelea."

Alipofika kwa yule aliyetaniwa, kicheko kikakatika chenyewe. Alimshika mkono, akamtazama, akasema maneno yale, na yule mwingine hakujua pa kuyaweka macho. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka mtu akijaribu kutamka. Tulianza kufanya kazi ya nyumbani. Mvua ilipopiga mabati hata sauti isisikike, mwalimu aliandika ubaoni na sisi tukaandika, hakuna aliyerusha karatasi. Nilijua kuhesabu, nilijua rangi, niliweza kumwelezea nyanya, yaani bibi yangu, kwa Kihispania kwamba ng'ombe ni mwekundu, naye akanijibu kwa Kiluhya kwamba ng'ombe hajakamuliwa.

Tulilipenda somo lile, ingawa wavulana hawasemi hivyo. Na wote tulijua mkuu wa shule angekuja.

Alikuja asubuhi ambayo mimi nilikuwa na vita na ng'ombe. Nyanya, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa na ng'ombe wawili, na kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kukamua na kupeleka mkebe wa maziwa barabarani kungoja gari. Siku hiyo mmoja alikata kamba, akaingia kwa mahindi ya jirani. Jirani akasimama mlangoni na leso yake. "Wewe kijana! Toa hii mnyama yenu hapa! Ama unataka nikuje niongee na nyanya yako?" Nilimtoa, nikaomba msamaha, nikakimbia na matope hadi magotini.

Nilifungua mlango wa darasa nikiwa nimechelewa. Mkuu wa shule alikuwa ameketi nyuma kabisa, fimbo imelazwa magotini. Mwalimu alinitazama. Hakuonyesha hasira. Aliinamisha kichwa kidogo kuelekea dawati la mbele, kama kusema: unajua la kufanya. Na nilijua. Nikaanza. *Lo siento. Lo siento.* Wenzangu walinishika mkono kwa uzito, hakuna aliyeniita Mheshimiwa. Mmoja aliniminya kidole kunitia moyo. Tulikuwa tunamwonyesha mkuu, bila kupanga, kwamba darasa bila fimbo linawezekana.

"Huyu sasa anafanya nini?" mkuu wa shule akauliza. "Amechelewa halafu anasalimia watu kama anatafuta kura?"

"Anaomba radhi, Mwalimu Mkuu. Atafika kwako."

Nikafika kwake. Sharti lilisema kila aliyemo chumbani. Lakini nyanya alikuwa na neno lake, ambalo nililisikia kila mgeni alipoingia nyumbani: mkono wa mtoto hungoja mkono wa mkubwa. Nikangoja. Mkuu hakutoa mkono. Alisimama, fimbo mkononi, anayatazama matope yangu. Nilitaka kunyoosha mkono jinsi mtu anavyomsalimu mtu. Nakuapia nilitaka. Lakini mbele ya fimbo ile mkono wangu ulitoka kwa njia pekee uliyoijua: kiganja juu, kidole gumba pembeni. Macho yangu yakaenda ukutani.

Naye akafanya kile ambacho mkono ulimwomba. Sidhani hata alifikiri. Mara moja tu, lakini sauti ile ilijaza chumba.

Karatasi ya manila ilikuwa pale pale ukutani, juu ya kichwa changu.

Mwalimu aliweka chaki mezani, akapangusa mikono kwenye sketi. Kisha akaenda dawati la mbele, akampa mkono mvulana wa kwanza, akamtazama machoni, akasema *lo siento*. Akaenda kwa wa pili. Alitupitia wote, polepole. Sisi ambao tulikuwa tumejifunza kutolia kwa fimbo, wengine wetu tulianza kupepesa macho. Mimi alinishika kwa mikono miwili, kwa sababu kiganja kilikuwa kinawaka. Halafu akamgeukia mkuu wa shule na kumnyooshea mkono. Mzee yule alitafuta pa kuweka fimbo, hakupaona. Akaihamishia kushoto, akampa wa kulia. Akatoka.

Muhula uliofuata tuliambiwa kwenye gwaride la asubuhi kwamba somo la Kihispania limekamilika. Mwalimu alihamishiwa shule moja huko Moi's Bridge, nikasikia anafundisha jiografia. Wenzangu hawakunilaumu. Wangenilaumu ningepata cha kujibu. Huenda somo lingekufa hata ningemshika mkuu mkono kama balozi. Hata hivyo, mkono wangu ndio ulioiita fimbo ndani ya chumba kile, na kila kitu kingine cha Kihispania kikavuja kichwani, yakabaki maneno mawili.

Jumamosi nilichelewa. Malori ya mahindi yalikuwa yamefunga barabara, na ndiyo, ningeweza kutoka nyumbani mapema. Wazazi wote walikuwa wameshaketi. Binti yangu alinitazama kwa jicho ambalo nyanya angelitambua. Nikaanza kuwapa mkono waliokuwa karibu na mlango, mmoja mmoja, bila kujua nimeanza.

"Unatafuta kiti gani, Mheshimiwa?" baba mmoja akauliza, na chumba kikacheka.

Mwalimu wao ni kijana, shati safi, anatabasamu. Nilipofika mbele yake mkono wangu ulitoka. Niliuona ukitoka: kiganja juu, kidole gumba pembeni. Umri huu! Kijana aliutazama, akanitazama mimi, akadhani naomba kalamu. Akaniwekea kalamu kiganjani.

"Hapa chini, Mzee."

Nikatia sahihi. Niliyasoma masharti yote tena, safari hii kwa makini. Hakuna mahali palipotajwa fimbo. Watoto hawa hawana haja ya kuahidiwa kwamba haitakuwepo, na ninashukuru. Hakuna pia mahali palipotajwa mkono. Ukichelewa, unakatwa alama, na alama hukatwa kwenye kompyuta, hakuna anayekutazama. Githeri ya kupikwa kwa kuni haipo, karatasi ile ya manila sijui ilichomwa na nani, na mwalimu wangu, kama yupo hai, hajui kwamba kuna mwanafunzi wake mmoja aliyehifadhi nusu ya somo, ile ya maneno.

Tukielekea nyumbani binti yangu aliniuliza, "Dad, mbona ulitoa mkono vile? Kama mtu anaomba."

Nikamwambia nitamweleza tukifika. Tulifika, nikasema nimechoka. Nimeandika badala yake. Nitaiacha karatasi hii jikoni, karibu na vitunguu, nikiwa na sura ya baba anayejua kwamba mtoto wake hataisoma.