Picha Safi na Shamba la Mama Mkwe

Kabla ya kurusha droni, Picha Safi alikuwa na studio, na jina lenyewe alilipata huko. Mtu aliingia na chunusi zake na makovu yake, akatoka kwenye picha na uso laini mpaka mama yake mzazi akauliza huyu ni nani. Simu zilipojaa kamera, studio ikafa. Chama cha ushirika cha wakulima kikamwajiri, eti kamera anaijua.

Kazi haikuwa ngumu. Aliirusha droni juu ya mashamba ya mahindi, kisha kompyuta ikapaka rangi: kijani penye afya, nyekundu penye ugonjwa. Picha ilibandikwa ukutani ofisini. Zamani dawa ya viwavi iligawanywa sawa kwa sawa, lakini msimu huu bwana shamba alitangaza kwamba atagawa kwa kufuata picha. Yeye mwenyewe mashambani hakwenda tena, na viatu vyake viling'aa msimu mzima.

Mwenyekiti wa ushirika alikuwa mama mkwe wa Picha Safi, mwanamke wa shoka, ambaye shamba lake lilisifiwa na kila aliyepita barabarani. Droni haipiti barabarani. Iliona mistari ya mbele imestawi vizuri, na katikati kote kumeiva kama pilipili.

Mama mkwe akafika ofisini kabla picha haijabandikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Hapa katikati pamefanya nini?"

"Viwavi, mama."

"Viwavi? Kwangu mimi?" Akavuta kiti, akashusha sauti. "Siku ya harusi yenu binti yangu alikuwa na jipu shavuni. Kwenye picha uliliacha?"

"Nililitoa."

"Haya basi."

Picha Safi alimwogopa mama mkwe kuliko mwajiri, na kwa bahati mbaya wote wawili walikuwa mtu mmoja. Akaketi, akapaka. Mkono haukuwa umesahau kazi, maana jioni ile shamba lilipendeza kuliko yote. Kisha, kwa adabu ya studio, akaifuta picha ya kwanza. Sura ya mtu kabla ya kusafishwa ni siri yake.

Siku ya mkutano bwana shamba akasimama mbele ya ukuta, akawataja wenye rangi nyekundu mmoja mmoja, kila mtu na dawa yake. Mwenyekiti hakutajwa. Alipigiwa makofi.

Lakini asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa ameingia shambani na kuona majani yamebaki vijiti. Akameza aibu yake yote, akasimama.

"Ndugu zangu, shamba langu linaumwa. Na mimi naomba dawa."

Ukumbi ukacheka.

"Mnauona unyenyekevu huo?" alisema bwana shamba. "Hataki tujisikie vibaya."

"Twendeni mkaone!"

"Ya nini, mama, na picha hii hapa?"

Mama mkwe akamgeukia mkwewe. Picha Safi alijua akifungua mdomo, kazi imekwenda. Hata hivyo akainuka.

"Ile picha niliipaka mimi. Shamba la mama ni jekundu kuliko yenu yote."

Sasa watu walicheka mpaka viti vikalia.

"Mkwe kama huyu mtampata wapi?" mmoja wao alipaza sauti. "Yuko radhi afukuzwe kazi ili mama mkwe apate dawa!"

"Basi tuonyeshe hiyo ya kwanza," alisema bwana shamba.

Hakuwa nayo.

Dawa ikaisha yote, na madukani haikuwepo. Kesho yake mkwe na mama mkwe waliingia katikati ya mahindi, wakatoa viwavi kwa vidole, shina kwa shina, na viwavi wakawatangulia. Mama mkwe hakumlaumu hata kwa neno moja. Picha Safi aliona heri angetukanwa.

Mchana wageni wa ushirika jirani wakasimama barabarani. Walikuwa wamekuja kujifunza kwa mkulima bora.

"Mama!" mmoja aliita. "Hongera! Siri yako ni nini?"

Mama mkwe akanyoosha mgongo, viganja vimejaa viwavi.

"Mkwe wangu," akajibu.