Saa ya Mkwe Iliyofia Ndani ya Soksi

Saa tatu asubuhi kwa redio ya mshona nguo wa baraza hiyo hiyo, na saa saba na dakika ishirini kwa saa ya Mzee Masele Manyanda, fundi saa Dafrosa Hilari anapokea maiti. Imesafiri hadi Mpanda juu ya lori la mpunga lililotokea Kibaoni. Imevikwa soksi nyeusi ya kiume, soksi imetiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko umefungwa barabara kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Mbele ya meza wamesimama wafiwa watatu. Mzee Masele mwenyewe, mfugaji wa Kasansa, amevaa koti zito kana kwamba jua la Jumamosi halimhusu. Mkewe, Mama Hana, ameshika kikapu. Nyuma yao kabisa yuko Malale, kijana anayetaka kumwoa binti yao Doto, na ambaye ndiye aliyeinunua saa hiyo.

"Mayu," Mzee Masele anasema, kwa heshima anayompa mwanamke yeyote aliyefikia umri wa kuitwa mama, "ulituambia ni nzima."

Dafrosa anafungua mpira, anafungua mfuko, anaivua soksi taratibu. Anaitikisa saa kidogo, kisha anaiweka sikioni. Mshale wa sekunde unaanza kutembea.

"Ni nzima," anasema.

"Kwako inafufuka, kwangu inakufa. Hiyo ni feki."

Dafrosa anaiweka saa mezani, anaitoa lenzi jichoni na kutazama juu kwenye bati la baraza. Anayemfahamu anajua kwamba hapo ndipo anapomwomba Mungu uvumilivu, na kwamba mara nyingi haupati.

Neno "feki" ndilo linalomzeesha mwanamke huyu wa miaka arobaini na tatu, mama wa watoto wanne, mkazi wa Nsemulwa. Si vumbi, ingawa vumbi la Mpanda ni adui wa kila saa. Wala si macho, ingawa la kulia limeanza kugoma ifikapo alasiri. Ni hilo neno, ambalo kwa hesabu yake hulisikia mara nyingi kuliko "shikamoo".

Kazi alifundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa akitunza saa za reli. Alianza kwa kuosha vigurudumu kwa petroli, akaendelea kwa kuokota springi zilizoruka sakafuni, na baba alipostaafu akarithi bisibisi na kibano. Leo sevisi moja ni shilingi elfu moja na mia tano. Wiki nzuri humpatia saa sita au saba. Wiki mbaya humpatia watu wanaouliza bei ya betri za saa zisizotumia betri.

"Mtu anakuja, anasema, fundi, niwekee betri," Dafrosa anasimulia. "Namwambia, hii haina betri. Ananiangalia kama mwizi. Anaona nataka kumla hela ya kitu kikubwa zaidi."

Saa anazozipokea kwa wingi miaka hii ya tisini ni zile zilizotengenezwa zifanane na saa za mabwana wakubwa. Uso ni ule ule, pete ya kioo ni ile ile, kidirisha cha tarehe kipo mahali pale pale. Jina tu ndilo la kwake mwenyewe. Ya Mzee Masele inaitwa Romeka. Mnadani Kibaoni inauzwa elfu kumi na mbili, bei ya mbuzi mwenye afya, na muuzaji huapa kwamba imetoka Uswisi wiki iliyopita.

Swali la thamani ya saa hizi linastahili kujibiwa kwa uzito wake, na Dafrosa hulijibu kila siku bila kuulizwa.

"Mashine yake ni ya kweli," anasema. "Mimi nimezifungua nyingi. Ni nene, haina madoido, ukiiosha inafanya kazi miaka kumi. Rangi ya dhahabu itatoka, hilo lisikushangaze. Kioo ni plastiki, kitachubuka, paka dawa ya meno usugue. Na hapa nyuma wameandika haiingii maji mpaka mita thelathini. Huo ni uongo. Hata kuoshea vyombo usiivae."

Anapumua.

"Sasa mmoja atakuja aseme ni ya Uswisi kwa sababu inafanana. Mwingine aseme ni feki kwa sababu inafanana. Hakuna anayekuja aseme, fundi, hii ni saa ya bei ya mbuzi, nitaitunzaje. Hakuna."

Kuna hata aliyekuja na matumaini makubwa zaidi. Huyo, mchimbaji wa dhahabu, alisoma usoni mwa saa yake kwamba ina vito kumi na saba. Akaifungua kwa kisu. Vito vipo, ni kweli, ila kila kimoja ni kidogo kuliko yai la chawa, na havinunuliwi na mtu yeyote duniani. Alimletea Dafrosa mabaki ndani ya kiberiti, akataka arudishiwe saa.

Turudi kwa maiti ya Kasansa, maana jambo lake ni zito.

Malale alipopeleka posa, walikubaliana ng'ombe. Juu ya ng'ombe, kwa hiari yake na kwa kutaka kuonekana, akaahidi kumvalisha mkwe saa. Wazee wa upande wa binti, ambao ng'ombe humkagua meno na macho, wakasema na saa ikaguliwe. Wakaituma Mpanda. Dafrosa akaifungua, akaisikiliza usiku mzima, akatuma neno: ni nzima. Kwa neno hilo Mzee Masele akaipokea mbele ya watu.

Kisha akaitunza. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Aliitunza kwa namna kitu cha thamani kinavyotunzwa Kasansa: ndani ya sanduku, chini ya blanketi, sanduku limefungwa kufuli. Siku ya mnada aliitoa, akaivaa mbele ya wenzake, wakakuta imekufa. Akairudisha. Mnada uliofuata imekufa tena. Mara ya tatu wenzake wakacheka, na mzee mmoja akamwuliza kama na ng'ombe wa mkwe nao wanasimama hivyo hivyo.

"Kijana aliyeleta saa feki ataleta na ndama mwenye kuhara," Mzee Masele anasema sasa mbele ya meza, bila kumtazama Malale. "Nikithibitisha, ng'ombe wake wanarudi na Doto anabaki nyumbani. Na wewe, mayu, nitakutangaza mnadani. Nitasema fundi wa Mpanda alikula njama na mkwe wangu."

Hilo si tishio dogo. Nusu ya wateja wa Dafrosa hutoka upande huo wa Mpimbwe, waliko Kasansa na Kibaoni, nao hawaji kwa sababu ya kibao, maana hana. Wanakuja kwa sababu mtu fulani mnadani alisema, nenda kwa yule mama.

"Baba," Dafrosa anaanza, kwa sauti ya mtu anayepanda mlima anaoujua. "Hii ni otomatiki. Ndani kuna kipande cha chuma, nusu mwezi. Ukitikisa mkono kinazunguka, kinakaza springi. Ukiivua leo, kesho jioni imelala. Haikufa. Imelala kwa njaa."

"Na hiki kifunguo cha pembeni?"

"Cha kurekebisha mishale tu. Hii hujazi kwa mkono, unajaza kwa kuivaa."

Mzee anafikiri.

"Yaani saa ya heshima niitembeze machungani kama fimbo? Ikwaruzwe na miiba?"

"Ndiyo."

"Aliyeitengeneza hakuwa na adabu."

"Hilo sikatai," anasema Dafrosa.

Wanakubaliana. Familia italala kwa ndugu yao huko huko Nsemulwa mpaka lori la Jumatatu. Mzee ataivaa bila kuivua. Ikifika Jumatatu inatembea, Malale ana mke. Ikisimama, kila mtu achukue chake. Dafrosa anamfunga saa mkononi yeye mwenyewe, na Malale anamwaga jasho kuliko mwenye koti.

Jumatatu asubuhi wanarudi. Saa imesimama.

Dafrosa anaiangalia kwa muda. Anaangalia mkono uliovaa. Mkono huo umening'inizwa kifuani ndani ya kanga ya Mama Hana, kama mkono uliovunjika.

"Umeumia, baba?"

"Hapana. Naitunza."

"Tangu Jumamosi?"

"Hakuutumia hata kula," Mama Hana anajibu kwa niaba yake. "Kwenye kiti ameuwekea mto. Usiku nikaambiwa nilale upande wa pili nisiuguse. Mtoto wa shemeji alipita mbio karibu yake, akafokewa mpaka akalia."

Malale anakaa chini kwenye ngazi ya baraza na kushika kichwa. Mshona nguo anasimamisha cherehani asije akakosa neno. Dafrosa anatazama bati tena, muda mrefu kuliko Jumamosi.

"Baba," anasema hatimaye, "wewe kule nyumbani unafanya kazi gani kwa mikono?"

Swali hilo linamwudhi mzee. Mtu wa makamo yake, mwenye vijana wa kuchunga, hafanyi kazi kwa mikono. Anaelekeza.

"Mama je?"

"Mimi?" Mama Hana anacheka kidogo. "Asubuhi nasukasuka maziwa. Kibuyu kikubwa, mpaka siagi itoke. Halafu natwanga. Halafu kuni."

Dafrosa anaivua saa mkononi mwa mzee kabla hajapata nafasi ya kuukunja, na kumfunga nayo Mama Hana.

"Hee," anasema Mzee Masele. "Saa ya mkwe avae mwanamke?"

"Asubuhi tu. Akimaliza maziwa anakurudishia, unaivaa mnadani imeshiba."

"Watasema nini watu?"

"Watasema saa ngapi," Dafrosa anajibu, na sasa uvumilivu umekwisha rasmi. "Mimi nimeisema ni nzima, na ni nzima. Nimekueleza imelala, umeifunga bandeji. Unataka nije Kasansa nikutikise mkono? Ukitaka saa ya kuweka kwenye sanduku, nitakuchorea ya karatasi, haitasimama kamwe kwa sababu haitembei."

Mzee anamgeukia mkewe, ambaye amekwisha kuzishika kamba za kikapu kwa mkono huo wenye saa, bila kujali chochote.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi sina haja ya saa," anasema Mama Hana. "Nina haja ya harusi ya mwanangu. Lori linaondoka."

Mzee Masele aliwapa fundi na Malale majuma mawili. Katika majuma hayo Dafrosa anakiri hakula vizuri. Siyo kwa ajili ya Malale, anasema, ingawa kijana alipita mara mbili kuuliza kama kuna habari, kana kwamba saa ya Kasansa ingempigia fundi simu. Ilikuwa kwa ajili ya neno lake. "Mashine inaweza kukuangusha hata kama ni nzima," anasema. "Mtu akiiangusha kisimani, nani atasema ni mtu? Watasema ni Dafrosa."

Habari ililetwa na Malale mwenyewe, safari hii akiwa amekaa mbele kwenye lori, kando ya dereva. Saa haikusimama hata mara moja. Ilipishana na redio kwa dakika chache tu, na kwa saa ya bei ya mbuzi hiyo ni tabia njema. Kila asubuhi Mama Hana huivaa, hukaa na kibuyu chake, husukasuka, kisha humkabidhi mumewe ikiwa imejaa. Mzee huivaa mpaka jioni na huulizwa saa na watu wasio na safari yoyote. Harusi ni baada ya mavuno, na fundi amealikwa akae meza ya wazee.

Jambo lingekwisha hapo kama Mzee Masele angenyamaza. Ila mzee aliyechekwa mara tatu mnadani hawezi kunyamaza. Amemweleza kila mtu kuanzia Kasansa hadi Kibaoni kwamba fundi wa Mpanda ni mkweli, kwamba saa ile si feki, na kwamba siri ya hizo saa ni maziwa.

Tangu hapo Dafrosa ana wateja wengi kuliko alivyowahi kuwa nao. Wiki iliyopita amepokea saa kumi na moja kutoka upande huo. Nne zilikuwa zimelazwa ndani ya maziwa usiku kucha.

"Wananiamini sana," anasema, kwa sauti ambayo mtu mwingine angeitumia kusema ana malaria. "Zamani hawakuniamini, nilikuwa nalala."

Ana mpango. Akijaliwa kuweka akiba mpaka mwakani, ataacha kungoja saa zilizoharibiwa na ataanza kuziuza mwenyewe, hapa hapa barazani, kwa masharti yake. Mnunuzi ataambiwa ukweli wote: si ya Uswisi, rangi itatoka, maji hapana, maziwa hapana. Ataivaa mbele yake na kuondoka nayo mkononi. Atakayeomba mfuko wa kuifungia hatauziwa.

"Natamani siku moja," anasema, akiishika lenzi, "mtu aniletee saa iliyochoka kwa sababu imevaliwa."

Anaifungua iliyoko mezani. Mshona nguo anasogeza kiti chake mbali. Ndani, kuzunguka vito vyote kumi na saba, maziwa yameganda.